Chaji Asilimia Tisa

"Kaa wametoka Gangneung. Saa sita kamili wanapakiwa Jukbyeon. Korongo, wapokee."

Sauti ya Mkuu Maeng haikurudia. Kwa lugha ya Idara ya Ujasusi maana yake ilikuwa hii: mfano wa betri mpya ulioibwa kiwandani Hanbyeol uko barabarani, umefichwa ndani ya boksi la kaa, na saa sita mchana utatoka nchini kwa meli ya uvuvi. Mbebaji anaitwa Mwalimu. Sura yake haijulikani. Anaendesha Kia nyeupe, na namba za gari anabadilisha kama soksi.

Kia nyeupe. Pwani nzima ya mashariki ya Korea, ukirusha jiwe umeipiga Kia nyeupe.

Ok Seonhye, ndiye Korongo, alikuwa nyuma yake tayari, umbali wa magari manne, juu ya pikipiki ya umeme isiyo na hata mnong'ono. Bastola ya K5 ilikuwa kwapani. Kidude cha masikioni kilikuwa kimekaa vizuri chini ya kofia ngumu. Kila kitu kilikwenda sawa.

Kisha Kia ikawasha taa ya kulia, ikapanda barabara kuu ya kulipia.

Seonhye alilaani kimoyomoyo. Nchi hii hairuhusu pikipiki kwenye barabara zile, iwe ya mpeleka vyakula au ya jasusi. Sheria angeweza kuivunja, hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba pikipiki moja pale juu ingeonekana kama nzi kwenye maziwa.

Akashika Barabara Namba Saba, ya kando ya bahari. Kilomita mia na ushee kwa mwendo wa kukata roho, katika upepo wa Februari unaokausha machozi kabla hayajatoka. Baridi ile ilikuwa inainyonya betri kuliko mwendo wenyewe.

"Nilikwambia uchukue ya petroli," Mkuu Maeng alisema masikioni.

"Ya petroli angenisikia, Mkuu."

"Sasa hivi hata wewe husikii anaenda wapi."

Seonhye aliingia Jukbyeon saa nne na dakika kumi. Kioo cha pikipiki kilionyesha betri imebaki asilimia tisa.

Bandarini kulikuwa na meli zaidi ya hamsini, zote zimeshusha kaa, zote zinafanana. Mkuu Maeng alimweleza hali ilivyo. Kikosi kilikuwa kinatoka Pohang na kingefika saa tano na nusu. Walinzi wa pwani walikuwa tayari, ila bila jina la meli wasingesogea, kwa sababu wakianza kupekua moja moja Mwalimu angeyeyuka. Kabla ya saa sita ilikuwa lazima apatikane Mwalimu mwenyewe, na akikimbia, afukuzwe. Kwa asilimia tisa humfukuzi hata muuza samaki.

Alihitaji umeme.

Nyuma ya soko palikuwa na maegesho ya umma yenye mashine mbili za kuchajia magari. Ya kwanza ilibandikwa karatasi: mbovu. Ya pili ilikuwa imechomekwa kwenye Kia nyeupe, na taa yake ya kijani ilionyesha gari limeshajaa. Plagi ilikuwa imejifunga kwenye gari. Haitoki mpaka mwenyewe afungue kwa ufunguo.

"Wewe bibie! Hapo ni pa magari."

Mzee mmoja mwenye fulana ya kung'aa, ya wale wazee wanaopewa kazi ndogo ndogo na halmashauri, alikuja akiwa ameshatoa simu. Alimweleza Seonhye kuwa atampiga picha mbili, na katikati ya picha hizo ataacha dakika chache kama inavyotakiwa, kisha atazituma wilayani, na faini itamfikia kabla hajafika kwake. Mwezi huu alishakamata kumi na saba. Alilisema hilo kama mtu anayetaja wajukuu.

Seonhye alitoa adapta mkobani. Ilikuwa kidude cha ukubwa wa ngumi, kazi ya mafundi wa Idara, upande mmoja unapokea plagi ya gari na upande wa pili unaingia kwenye pikipiki. Akamwonyesha mzee kwamba pikipiki hii inakula umeme uleule.

Mzee alikipindua kidude kile, akaguna.

"Haya, umeshinda. Lakini mpigie kwanza huyu bwana ahamishe gari lake. Si namba yake hiyo hapo?"

Kweli, nyuma ya kioo cha mbele palikuwa na kibao cha namba ya simu. Kila gari nchini lina kibao hicho. Ukizuiwa njia unapiga, mwenye gari anapokea, anaomba radhi, anakuja mbio. Gari lisilo na namba humfanya mzee kama huyu alizunguke mara tatu na kukariri rangi ya viti. Ndiyo maana hata majambazi huweka. Na ikilia hupokea, kwa sababu mtu aliyezoea tangu ujana kuomba radhi kwa ajili ya gari lake hafikiri, anapokea.

Seonhye alipiga.

"Habari. Gari lako hapa kwenye chaji limeshajaa. Naomba ulisogeze."

Upande wa pili zilisikika kelele za soko, kisha sauti ya mwanamume.

"Samahani sana. Nakuja. Dakika tano."

Simu ikakatika.

Seonhye alibaki ameishika sikioni. Akajishikiza kwenye mashine ya chaji. Sauti ile alikuwa ameizika. Alikuwa ameililia mpaka ikamtoka akilini. Ilikuwa sauti ya Pyo Gitae, jasusi wa Idara ileile, baba wa binti yake, mume wake. Gari lake lilitumbukia baharini miaka mitatu na miezi mitatu iliyopita, na mwili haukupatikana.

Mara tatu, kila Novemba, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, Seonhye na mama mkwe walikesha jikoni wakimwandalia marehemu chakula chake. Samaki aliyempenda, supu, wali uliorundikwa. Bomi, mwanawe, alijifunza kupiga magoti mbele ya picha ya baba kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Alijiambia sauti za watu hufanana. Kisha akachungulia kiti cha nyuma cha Kia.

Palikuwa na boksi jeupe la kaa, limezungushiwa utepe wa gundi. Kavu kabisa. Hakuna tone kwenye kiti, hakuna harufu. Jukbyeon maboksi ya kaa hutoka, hayaingii, na yakitoka huwa yanavuja mpaka nyumbani kwa mteja.

"Mkuu," alisema taratibu. "Gari nimelipata."

"Na Mwalimu?"

"Anakuja."

"Umemtambua?"

Seonhye alizima kipaza sauti.

Akaisukuma pikipiki mpaka nyuma ya Kia, akaisimamisha kwa stendi katikati ya nguzo mbili. Ni kilo mia mbili, na gari lisingetoka pale bila yeye kutaka. Kisha akavua kofia. Hakutaka amuone akiwa amejificha.

Alikuja dakika ya nne, akitokea upande wa soko. Amekonda. Nywele za pembeni zimeingia mvi. Mkononi alikuwa na makopo mawili ya kahawa ya moto. Mtu aliyechelewesha mwenzake kwenye chaji huja na kopo moja la kuombea radhi, lakini Gitae alibeba mawili, na la pili lilikuwa la ile kahawa ya shayiri ambayo Seonhye hunywa peke yake katika Idara nzima.

Alikuwa ameshamjua kwenye simu. Na bado alikuja.

"Mama Bomi," alisema.

Seonhye alikusudia kutoa bastola. Mkono ulikataa.

"Usiniite hivyo."

"Imebaki ngapi?" Gitae aliitazama pikipiki. "Tisa? Kwenye baridi hii? Huachi tu."

Akaweka makopo juu ya Kia, akabonyeza ufunguo. Plagi ikaachia kwa mlio mdogo. Akaichomoa kwenye gari lake, akanyoosha mkono apewe adapta, na Seonhye, Mungu amsamehe, akampa. Akachomeka kwenye pikipiki kama alivyokuwa akifanya kila jioni chini ya jengo lao, enzi zile pikipiki ilipokuwa mpya na majirani wakilalamika. Seonhye akagusisha kadi. Mashine ikaanza kunguruma.

Asilimia kumi.

"Walinikamata nikiwa kazini ng'ambo," Gitae alisema. "Wakanipa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kaburi. Nikachagua ya pili, wakapanga ile ajali ya gari."

"Sikuulizi hilo."

"Uliza basi."

"Miaka mitatu. Hata simu ilie mara moja halafu ikate. Ningejua ni wewe. Ningekaa kimya, nisingemwambia mtu, ningefurahi peke yangu chooni. Ulishindwa hata hilo?"

Gitae alitazama chini.

"Nilikupikia, baba Bomi. Nilichambua miiba ya samaki wako kwa mikono hii, nikiogopa itakukwama huko uliko. Mama yako ana miaka sabini na sita, na kila mwaka anakataa nimsaidie kubeba meza ya chakula chako."

Kumi na mbili.

Alilia bila kujificha. Gitae alisogea hatua moja, akasimama. Mkono wake ulikuwa karibu na mfuko wa koti, na wote wawili walijua kuna nini mfukoni.

"Niache nipite," alisema. "Kwenye karatasi nimeshakufa. Hakuna atakayekuuliza. Hii ndiyo kazi ya mwisho, waliniahidi. Nikimaliza nitawatumia tiketi, wewe na Bomi. Mama pia."

Seonhye alitaka kuamini. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba kwa muda wa kuvuta pumzi moja alishawaona wote wanne mezani, mahali fulani kwenye joto.

"Nijibu moja tu," alisema. "Uliitambua sauti yangu, ukaja. Umekuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya boksi?"

Gitae alifungua mdomo. Na kabla hajasema, macho yake yalikwenda kwenye kiti cha nyuma. Yalikwenda na kurudi, haraka, lakini mke hujua macho ya mume wake.

"Vyote viwili," alijibu.

Kumi na tano.

Seonhye alifuta uso kwa kiganja cha glovu. Akawasha kipaza sauti. Safari hii mkono ulitii, na K5 ilitoka ikaelekea kile kifua ambacho yeye mwenyewe aliwahi kukiegemezea kichwa.

"Korongo hapa. Mwalimu ninaye."

"Jina?"

"Pyo Gitae."

Mkuu Maeng ndiye aliyemletea bendera ya mazishi mlangoni, siku Gitae alipotangazwa amekufa.

Gitae alitoa bastola yake kwa vidole viwili, akaiweka juu ya Kia. Akanyoosha mikono afungwe. Seonhye akafunga pingu upande mmoja kwenye mkono wake, upande wa pili kwenye nguzo ya mashine ya chaji.

"Meli gani?" alimuuliza.

"Idara siiambii."

"Mimi je?"

Gitae aliinua kidevu kuelekea bandarini. "Haegang Namba Nane. Ina bomba la moshi la bluu. Wako watu sita, wawili wana silaha. Waambie vijana wasipande kutokea nyuma, wataumia."

Saa tano kasorobo walinzi wa pwani waliizingira Haegang Namba Nane. Walipanda kutokea mbele. Risasi mbili zililia hewani, hakuna aliyeumia. Watu sita wakalala kifudifudi juu ya nyavu, na mfano wa betri haukutoka kwenye kiti cha Kia.

Mzee wa fulana alipita tena, akawaona mmoja amekaa chini na mwingine amesimama, macho mekundu wote.

"Mmeelewana?" aliuliza.

"Tumeelewana, mzee," Gitae alijibu, akaficha pingu kwa koti.

Kikosi kilifika saa tano na nusu. Wakamfungua kwenye nguzo, wakamwinua. Kopo la Seonhye lilikuwa bado juu ya gari, limepoa, halijafunguliwa.

Mkuu Maeng alipiga kwa simu ya kawaida, si ya Idara. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kesi itaendeshwa kwa siri na jina halitatajwa popote. Familia ilishaambiwa kwamba Gitae amekufa. Ikibaki hivyo, mama atakufa akiwa mama wa shujaa, na mtoto atakua na picha safi ukutani.

"Uamuzi ni wako, Korongo. Mimi sitakulaumu."

Seonhye alichomoa plagi, akaikunja kebo na kuirudisha mahali pake. Gari jingine lilikuwa linasubiri zamu. Akaisogeza pikipiki pembeni, akasimama akiangalia ukuta wa soko.

Angeweza kunyamaza. Novemba ingefika, wangechambua miiba, Bomi angepiga magoti. Ila sasa angekuwa anamwona mama mkwe akibeba ile meza, naye anajua.

Akapiga simu.

"Mama," alisema. "Umekaa? Kaa chini kwanza." Akasubiri. "Gitae yuko hai, mama. Amefanya mabaya. Nimemkamata mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, na hatatoka leo wala kesho. Lakini yuko hai."

Mama mkwe hakulia. Hakuuliza mabaya gani.

"Amekula?"

Gari la Idara lilikuwa linapita mbele yake, vioo vyeusi, likielekea barabara kuu ya kulipia, ile ambayo yeye haruhusiwi kuifuata.

"Bado, mama."

Akavaa kofia ngumu, akashusha kioo, akaondoka kwa Barabara Namba Saba.