Kosa la Kumi na Tano

Siku ya maonyesho ya zana za kivita umati ulibanana hivi kwamba ukipiga chafya, wa tatu mbele yako ndiye anayefuta pua. Humo ndimo mwandishi wa tovuti ya habari za jeshi na ulinzi alipomwona sajini, fundi wa magari ya vita: ovaroli ya kijani, mikono imekunjwa hadi viwikoni, tone la grisi shavuni lililompendeza kuliko kidoti.

"Kifaru kizuri," mwandishi alisema, akipiga picha.

"Kaka, kifaru kina minyororo. Hili lina magurudumu manane. Hesabu."

Akahesabu. Akarudia, apate kukaa naye zaidi.

Hata hivyo picha ilipotoka tovutini iliandikwa "kifaru". Simu ililia kabla chai haijapoa.

"Wewe! Nilikwambia nini?"

"Nisamehe, Sajini. Nikununulie soda unifundishe?"

Baada ya soda hiyo makosa yalimiminika. Mzinga uliota mabawa, nyambizi ikapanda mlima. Kila kosa lilileta simu, na kila simu ilikuwa ndefu kuliko ya jana yake.

"Mpenzi, wewe ni mjinga au unanichokoza?"

"Mjinga, mpenzi. Endelea kunifundisha."

Kisha akakosea kweli. Lori la jeshi lilipinduka, askari wawili wakavunjika miguu. Walikuwa wa kikosi cha saba. Kwa haraka zake akaandika cha tano. Mdogo wake sajini alikuwa wa cha tano. Mama yao aliisoma habari jikoni, akaanguka na sufuria mkononi.

"Na hili ulilifanya ili nipige?" Sauti ya sajini haikuwa na utani.

"Hapana! Hili ni bahati mbaya, naapa."

"Nitalitofautishaje na mengine?"

Akakata. Siku tisa hakupokea simu. Ya kumi, mwandishi alimpelekea mhariri karatasi moja. Mhariri aliisoma, akavua miwani.

"Hii ikitoka, huandiki tena hapa."

"Itoke."

Ikatoka: "Masahihisho. Makosa kumi na manne niliyafanya makusudi, ili fundi mmoja anipigie. La kumi na tano halikuwa la makusudi, ila hayo mengine yamelinyima kuaminika. Nawaomba radhi wasomaji, na mama mmoja zaidi ya wote. Fundi huyo nimempenda tangu Jumanne ile ya maonyesho."

Mwandishi alikuwa akitia kikombe chake kwenye boksi simu ilipolia.

"Umekosea tena. Ilikuwa Jumatano."

"Najua."

"Makusudi?"

"Makusudi. La kumi na sita, na la mwisho."

Upande wa pili spana iligonga chuma.

"Mama anasema uje umwombe radhi ana kwa ana. Mlango wa bluu, wa tatu kutoka duka la dawa. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Akamsomea, neno kwa neno. Hakukuwa na la kusahihisha, lakini sajini hakukata simu.