Kiti cha Nyuma cha Sajini

Redio ilikuwa ikipiga kelele tangu asubuhi. Fundi cherehani aliacha kushona, akaipunguza sauti kwa mara ya nne. Mumewe akainua kichwa kutoka kwenye daftari.

"Mbona umeizima?"

"Sijaizima! Nimepunguza!"

"Sema basi. Unanong'ona nini?"

Fundi akashika kiuno. Koo lilimkauka kwa kupayuka. Mumewe alikuwa sajini jeshini miaka ishirini na miwili. Sasa amestaafu, anasoma chuo cha useremala. Juzi chuo kilileta barua. Sajini haitikii akiulizwa. Darasa likichora meza, yeye anachora kabati. Akianguka mtihani wa mwisho wa mwezi, aage chuo.

"Darasani unakaa wapi?" fundi alipaza sauti.

"Nyuma kabisa. Mgongo ukutani, mlango nauona."

"Kwani humo kuna adui?"

"Ni mazoea, mama watoto. Mtu akikaa nyuma yangu, situlii."

"Na mwalimu unamsikia?"

"Walimu wa siku hizi hawafungui midomo."

"Na mimi je? Na watoto? Dunia nzima imefunga midomo?"

Hapo muuguzi wa chuo akaingia. Alifuata sare yake, iliyokuwa ikitiwa zipu.

"Nimepiga hodi mara tatu, dada. Mnagombana?"

"Tunaongea tu. Humu ndivyo tunavyoongea."

Muuguzi alimtazama Sajini, akasogea mbele yake. "Shemeji, masikio yanavuma? Kama mbu kaingia hatoki?"

Sajini akashtuka. "Nani kakwambia?"

"Tangu lini?"

"Tangu tulipofanya mazoezi ya mizinga. Miaka tisa."

"Miaka tisa!" Fundi aliketi. "Na hukuniambia!"

"Kambini ukienda kwa daktari kwa ajili ya sikio, wanakuita mtegaji, mkwepa kazi. Mimi nachokoa kwa njiti ya kiberiti, basi."

"Tupa hiyo njiti," muuguzi alisema. "Utatoboa ngoma ya sikio. Shida yako haiko kwenye nta. Kelele kubwa huua usikivu kidogo kidogo. Uliokufa haurudi. Uliobaki tunaweza kuulinda. Kwenye msumeno wa umeme unavaa vifuniko vya masikio?"

Sajini akacheka. "Mtu aliyezoea mizinga aogope msumeno?"

"Shemeji, mizinga hukuizoea. Ilikuharibu. Msumeno unamalizia."

Sajini hakucheka tena. Alilitazama daftari lake, kurasa nusu tupu. "Kwa hiyo mimi si mjinga?" aliuliza taratibu.

"Mjinga hapana," fundi alidakia. "Mbishi."

Kesho yake fundi alifunga cherehani, akamsindikiza mpaka kwenye chumba cha muuguzi, asije akageuza njiani. Muuguzi akamwandikia aende hospitali. Huko masikio yakapimwa, akapewa kifaa kidogo cha kusikilizia. Akaambiwa asikivae kwenye mashine. Huko avae vifuniko.

Ikabaki kiti.

"Mbele sikai," Sajini alisema mlangoni mwa darasa. "Mgongo wangu utakuwa wazi."

"Mungu wangu, huyu mtu!" Fundi aliingia mwenyewe. Alilivuta dawati la mbele mpaka kwenye ukuta wa pembeni, akaligeuza kidogo. "Kaa. Mgongo uko wapi?"

"Ukutani."

"Mlango unauona?"

"Nauona."

"Mwalimu?"

Mwalimu alisimama hatua mbili kutoka pale, akacheka. "Karibu, Sajini. Kumbe hukuwa unanidharau."

Mwisho wa mwezi Sajini alirudi na karatasi ya mtihani. Amefaulu. Meza aliyochora ilikuwa meza. Aliibandika ukutani, akafungua redio, ikaimba kwa sauti ya chini. Halafu akaketi juu ya kitambaa kilichokatwa tayari.

Fundi akainong'oneza sindano, kama alivyozoea miaka yote hiyo, "Mbishi, na macho nayo hana."

"Nani hana macho?" Sajini aliuliza.

Fundi akabana pini midomoni, akakanyaga cherehani.