Nani Aliizima Kengele

Maiti ilikuwa kitini, kipaji cha uso kimeegemea kompyuta ndogo iliyoishiwa chaji. Marehemu, mpiga taipu mstaafu, alikuwa amekufa kwa pumu mchana kweupe, katika chumba cha uani, hatua ishirini tu kutoka sebuleni kwa bintiye.

"Hakuna jeraha," alisema daktari wa polisi. "Pumzi ilimwishia. Yapata saa tisa."

Inspekta hakutulia. Bibi huyo alikuwa akitetemeka mikono na simu ilimshinda, ila herufi za kompyuta alizijua kama kiganja chake. Familia ikapatana: akizidiwa, aandike kwenye ile programu ya ujumbe iliyokuja na kompyuta, kengele ilie sebuleni, apelekewe mashine ya kuvuta dawa. Leo kengele haikulia. Kwenye kompyuta ya sebuleni, programu ilikuwa imezimwa.

Mkwe alijitokeza kabla hajaulizwa. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa miraba minne.

"Ni mimi, afande. Nipeleke."

"Uliizimaje?"

"Makelele yalinichosha. Nikabonyeza kale kamsalaba ka pembeni, ikajifunga."

"Halafu?"

"Halafu basi. Ikanyamaza."

Simu ya inspekta ikaita. Ni mkuu wa kituo.

"Si amekiri? Mlete tufunge jalada."

"Nipe nusu saa, mkuu."

"Dakika kumi."

Inspekta aliijua vizuri programu ile; ilikuwa kwenye kompyuta yake ya nyumbani na ilikuwa imemtia wazimu mwaka mzima. Ukibonyeza msalaba inajificha tu, na kengele inaendelea kulia. Huyu bwana alikuwa anadanganya, na zikipita dakika kumi angelala rumande kwa kosa lisilo lake.

Alifungua mipangilio. Programu ilikuwa imeondolewa kwenye orodha ya zile zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapowaka, kisha kompyuta ikazimwa na kuwashwa upya. Saa saba na dakika arobaini.

"Shemeji, hebu nionyeshe hiyo orodha."

Dereva alishika kipanya, akakizungusha, akakiachia.

"Nimesahau."

"Hujawahi kuijua."

Inspekta alimgeukia binti wa marehemu. Alikuwa karani, na kazi zake zote alizifanyia kwenye kompyuta ile.

"Dada, nani mwingine anaitumia?"

"Mke wangu usimguse!" dereva alifoka.

"Mwache, baba watoto," binti alisema. "Ni mimi. Tangu asubuhi mama alikuwa ameniita mara thelathini. Mvua imenyesha? Nimekula? Mlango umefungwa? Na siku nne nilikuwa sijafumba macho, nakesha namsugua mgongo. Nilitaka saa moja tu, afande. Nikaitoa, nikasema nikiamka nitairudisha."

"Ukaamka saa ngapi?"

"Saa kumi." Akashika ukingo wa meza. "Labda hakuniita. Labda ilimchukua ghafla. Si inawezekana?"

Inspekta alitamani kumjibu ndiyo. Lakini ilikuwa lazima aufungue ushahidi. Akairudisha programu kwenye orodha, akaiwasha.

Kengele ililia mara tatu.

*Pumzi inanibana.*

*Niletee mashine.*

*Kama umelala mwanangu, basi lala.*

Binti aliusoma ujumbe wa mwisho kwa sauti, polepole, kisha akamtazama inspekta.

"Nilikuwa nimelala," alisema.