Gauni la Njano Kambani

Jua la mchana lilikuwa limekolea juu ya soko la Nakawa. Konstebo Adoch, sare imenyooka, buti zikimeta, aligeuka ghafla akamkuta kijana mrefu amemwelekezea kamera.

"Wewe! Nani amekuruhusu kupiga askari picha?"

"Si wewe, afande. Nampiga yule." Kidole chake kilimwonyesha kalooli, yule korongo mwenye upara, aliyesimama nyuma ya Adoch juu ya rundo la taka.

Adoch akamtazama ndege, akacheka mpaka kofia ikataka kudondoka. "Yaani mimi umeniacha, ukachagua hilo?"

Mapenzi yakaanzia hapo. Kijana huyo, Nashon, alikuwa Mkenya, fundi wa simu, na kila asubuhi kabla ya kazi alipiga picha: kunguru kwenye nyaya, mijusi ukutani, shomoro wakioga matopeni. Adoch alizipenda, ingawa picha yake mwenyewe hakuwahi kuiona hata moja.

Kisha zikaja picha kutoka mtaa wa Luzira. Ndege ni chozi, mdogo kama kidole gumba, mdomo umepinda, koo linang'aa. Na pembeni, katika kila picha, kipande cha gauni la njano. Jumatatu njano. Alhamisi njano. *Huyu mwanamke hana nguo nyingine?* Moyo ukamchoma. Akapiga simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Luzira, afande wangu. Ongea polepole."

Nyuma yake sauti laini ya kike ikasema, "Usisogee, Nashon. Anaingia."

"Nani anaingia? Wapi?"

Simu ikakatwa. Adoch akadandia bodaboda akiwa ndani ya sare, akaulizia Luzira kijana mwenye kamera mpaka akaonyeshwa nyumba.

Uani alimkuta Nashon amepiga magoti, na kando yake mwanamke mwenye wanja, mrembo kwelikweli.

"Kumbe ndiye huyu!"

"Taratibu, dada, utawatisha," mwanamke alinong'ona, akionyesha kamba ya nguo. Gauni la njano lilining'inia peke yake, limepauka kwa jua. Begani pake kilishikizwa kiota cha nyasi na utando wa buibui, na ndani midomo miwili ya makinda imepanuliwa. "Mimi Safinah. Jumamosi dada yangu anaolewa, na gauni nitakalovaa ni hilo. Kama wewe polisi kweli, waamuru wahame!"

Adoch hakucheka. "Ndege wana picha. Gauni la Safinah lina picha. Mimi je, Nashon?"

Nashon akabonyeza kamera kurudi picha za nyuma, nyuma sana. "Usinikamate," akasema, akampa.

Ilikuwa picha ya soko la Nakawa. Kalooli alikuwa ukungu mtupu. Mbele yake alisimama askari, kila kifungo wazi, hata tone la jasho juu ya mdomo.

"Ulinidanganya."

"Ulikuwa na pingu, afande."

Adoch aliishika kamera kwa mikono miwili, macho yakimlowa. Kisha akamgeukia mrembo wa wanja.

"Safinah, Jumamosi utavaa gauni langu la bluu."

"Ahsante, dada! Nashon alilete kesho akija?"

"Hapana," Adoch akasema. "Nitalileta mwenyewe."