Taa ya Kijani ya Rosmira

Mchana ule Eneida alikuwa amejilaza kitandani, bakuli la matunda ya chontaduro yaliyotiwa chumvi na asali ubavuni, akiangalia soksi kwenye simu. Soksi za mtoto mchanga, nyeupe, ndogo kiasi cha kuvikwa kidole gumba. Alikuwa ameziangalia jana na juzi, kila mara akiifunga simu haraka kama mtoto anayedokoa sukari. Mimba ilikuwa changa na hakuwa amemwambia mtu. Ile ya kwanza, mwaka uliopita, aliitangaza mtaa mzima wa Marroquín, ikatoka, na huruma ya majirani ikamuumiza kuliko maumivu yenyewe. Safari hii alijiapiza kufunga mdomo mpaka tumbo lionekane.

Mara kidirisha cha mazungumzo kikafunguka chini ya ukurasa. Picha ya mwanamke anayecheka, kilemba cha njano kichwani, jina Rosmira chini yake, na pembeni kile kitaa cha kijani kinachoonyesha kwamba mhudumu yupo.

"Naona umezirudia tena soksi hizo, mpenzi. Nikusaidie?"

Kwa mteja mwingine hilo lingekuwa jambo la kila siku. Lakini duka lilikuwa lao, yeye na mumewe Ferney, na aliyekuwa akiandika maneno kama hayo, kwa jina hilo na picha hiyo, alikuwa Eneida mwenyewe. Hapakuwa na mhudumu mwingine. Ferney alikuwa ametoka na pikipiki kusambaza vifurushi. Kompyuta ya kazi ilikuwa chumba cha mbele, imezimwa.

Akasikiliza. Kutoka chumba cha mbele ilikuja sauti ndogo, kavu, ya vidole vikigonga vitufe.

Sasa huyo Rosmira. Alikuwa mke wa kwanza wa Ferney, mwanamke wa Guapi, mcheshi, mwepesi wa kazi, na ndiye aliyelianzisha duka lile la mtandaoni la nguo na vikorokoro vya watoto wachanga, akalipa jina lake. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Alikuwa akizikunja zile nguo za watoto wa wenzake taratibu mno, akizipapasa, hata sisi majirani tukipita tulitazama pembeni. Kisha homa ikamchukua. Ferney akabaki na duka lenye sura ya marehemu, akaliacha vivyo hivyo, na alipomuoa Eneida akamkalisha kwenye kiti kilekile cha kubembea na kumfundisha kazi kwa jina lilelile. Mwanaume akitaka kukwepa kazi ngumu ya kuaga, kukwepa huko hukuita biashara.

Anayeingia duka la namna hiyo kwa simu yake hudhani yuko peke yake. Eneida aliwaona wote. Huyu yuko Palmira, anatazama vitanda. Yule ameweka blanketi kikapuni, akalitoa, akalirudisha. Duka lilimpachika kila mgeni alama asiyoiona, na alama hiyo ilimfuata hadi kwenye maduka ya watu wengine, ili blanketi lile liendelee kumchungulia kokote aendako. Eneida alisubiri kidogo asionekane ana haraka, kisha akabisha hodi: naona umelipenda blanketi, mpenzi, unatarajia lini? Wanawake wakamfungulia moyo. Wakamweleza ya waume, ya mama wakwe, ya titi lisilotoa maziwa. Naye akawasikiliza kwa dhati, maana alikuwa na moyo mzuri. Mwisho wakaandika: Mungu akubariki, Rosmira.

Jina hilo lilimchoma kila siku. Mke mwenza aliye hai unaweza angalau kumsuta mlangoni, watu wakaja kuamua ugomvi. Huyu alikuwa amekufa, hazeeki, hakosei, na wema wote wa Eneida uliandikwa kwa jina lake. Siku moja alijaribu kuweka picha yake mwenyewe. Wiki haikuisha, Ferney akairudisha ile ya kilemba cha njano.

"Wateja wanamuulizia," alisema, bila kumtazama usoni.

Basi mchana ule Eneida akaenda chumba cha mbele kwa miguu mitupu, simu mkononi. Kompyuta ilikuwa giza. Kiti cha kubembea kilikuwa kikienda mbele na nyuma, pole pole, kama kilichoachwa na mtu sasa hivi. Chumba kilinuka poda ya watoto, na chini ya poda kulikuwa na harufu nyingine, ya nta ya mshumaa uliotoka kuzimwa.

Alijiambia ni upepo wa jioni umewahi kushuka. Lakini siku zilizofuata wateja wakaanza kumshukuru kwa maneno ambayo hakuwahi kuyaandika. "Nilifanya ulivyoniambia, mtoto amelala." Mmoja wa Buenaventura akauliza: "Rosmira, ulijuaje kwamba nalia? Nilikuwa natazama nguo tu." Na kila Eneida aliposhika simu yake mwenyewe, hata katika maduka yasiyowahusu, akitazama mto wa kulalia au vidonge vya kuongeza damu, kidirisha kilifunguka na kitaa cha kijani kikawaka.

Siku moja akajibu. "Wewe nani?"

"Mwenye duka," kidirisha kikaandika. "Wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti changu, ukalala kitandani kwangu, ukawaambia wateja wangu uongo kwamba wewe ni mimi, nami nikanyamaza kwa sababu una kitu ambacho Mungu alininyima. Yule wa kwanza nilimchukua akiwa mchanga mno, mpenzi, sikuweza hata kumpakata. Huyu nitamsubiri akomae."

Eneida aliisoma mara nyingi, na kila alipoisoma alisikia vitufe vya chumba cha mbele vikigongwa tena neno kwa neno, kana kwamba aliyeko kule alikuwa akimsomea ili aelewe vizuri, na harufu ya poda ikaja ikimfuata ukutani, ikapita kwenye pazia, ikamkaa kooni, mpaka akajikuta amekumbatia tumbo kwa mikono yote miwili na kuwaita watakatifu wote aliowajua kwa majina.

Ferney aliporudi kula, Eneida hakumpa hata nafasi ya kuvua kofia ya pikipiki vizuri.

"Ferney, nina mimba."

Hakushtuka. Alikaa, akatazama samaki wake wa nazi.

"Najua," akasema.

"Unajua? Nani kakwambia, na hata mama yangu sijamwambia?"

Macho ya Ferney yakakimbilia chumba cha mbele.

"Nakuuliza wewe, usinitazamie ukuta!"

"Huwa naingia dukani," alisema, sauti ikiwa chini. "Kwa simu yangu, kama mteja. Baada ya msiba nilikuwa naingia kuiona picha tu. Nazungukazunguka, natazama mablanketi. Siku moja akaniuliza kama nimekula."

"Akakuuliza nani? Anayeandika pale ni mimi!"

"Ilikuwa kabla yako, Eneida. Hapakuwa na mtu kwenye kiti." Akaisukuma sahani pembeni. "Wiki iliyopita aliniambia, hongera Ferney, tumepata mtoto."

"Tumepata," Eneida akarudia. "Yeye na nani? Kwa hiyo mimi humu ndani ni nani, bwana we? Chungu cha kupikia? Nakufulia, nakupikia, nakuuzia dukani kwa jina la mwanamke wako, kumbe ukijifungia chooni na simu jioni unaongea naye!"

"Punguza sauti. Atasikia."

"Na asikie! Amwambie na mama yake!"

Chumba cha mbele vitufe vikaanza kugongwa, upesi upesi, kwa hasira. Eneida akamsukumia simu mezani, na Ferney akasoma mpaka kwenye yale maneno ya yule wa kwanza. Mtoto yule Ferney alikuwa amemlilia kuliko watu walivyojua. Akaweka kiganja mdomoni, mabega yakamshuka.

"Hakuwahi kuniambia hilo," alinong'ona.

Siku hiyohiyo walimwendea Bi Eustaquia, mwimbaji wa misiba kutoka Guapi aliyekaa kona ya barabara. Ndiye aliyeanua matanga ya Rosmira. Kwao Guapi usiku wa mwisho wa matanga madhabahu ya marehemu huvunjwa, picha zake hushushwa, mishumaa huzimwa mmoja mmoja huku watu wakiimba, na mlango huachwa wazi ili roho iende zake. Bi Eustaquia alikuja, akanusa chumba cha mbele, akakitazama kile kitaa kwenye kompyuta na kumgeukia Ferney.

"Nilikuuliza mbele za watu. Picha zote zimeshushwa? Ukanijibu zote, Bi Eustaquia."

"Za nyumbani nilishusha zote."

"Na hiyo?"

"Hiyo ya kazini, mama."

"Ya kazini! Marehemu ana kazini? Umemwachia taa inawaka usiku na mchana, watu wanamwita jina tangu asubuhi, wanamwambia shida zao, wanamshukuru, na mumewe anakwenda kumtongoza! Ningekuwa mimi nisingeondoka, nakwambia!" Akavuta pumzi. "Tutaanua upya. Na ataizima aliyeiacha inawaka."

Alfajiri, kabla ya mabasi kuanza, walifungua mlango wa mbele na wa uani. Bi Eustaquia akaimba nyimbo za kuaga, sauti yake nzito ikijaza nyumba, na alipofika zile beti ambazo mishumaa huzimwa, vitufe vikaanza kushuka vyenyewe mbele ya macho yao, kimoja kimoja, bila kidole, na maneno yakajiandika kwenye kioo.

"Ferney, usinizime."

Ferney alikuwa amekaa kwenye kile kiti, mkono juu ya kipanya, machozi yakimshuka hadi kwenye ndevu.

"Nimekuuliza kila siku kama umekula. Yeye amewahi kukuuliza? Nilikaa hapa peke yangu nikilinda duka lako, nikilinda jina lako, nikawatuliza watoto wa watu wote wa nchi hii na mimi sina wa kwangu, na wewe unataka kunitupa nje gizani kwa ajili ya mwanamke aliyeokota maisha yangu kama nguo ya mnadani, Ferney, mume wangu, usinizime, usini"

"Chagua," alisema Eneida nyuma yake, kwa upole uliomshangaza yeye mwenyewe. "Lakini mwanangu simwachi humu."

Ferney akabonyeza. Picha ikatoka, jina likatoka, kitaa cha kijani kikafifia na kuzimika. Kiti kikaruka chini yake kana kwamba kimepigwa teke, harufu ya poda ikawa kali kiasi cha kukohoza watu, halafu ikakatika. Nyumba ikabaki na harufu ya kahawa ya majirani tu.

"Ametoka," alisema Bi Eustaquia. Lakini alisimama muda mrefu akitazama pazia la mlangoni. "Duka hili lina mlango mwingine?"

"Hapana, mama. Ni la mtandaoni tu," Ferney akajibu.

"Anayepita hapo hutikisa pazia, na hili halikutikisika," alisema yule mzee, akajifunga shali na kwenda kwake.

Waliliita duka jina jingine na kuweka sura ya Eneida. Baadhi ya wateja waliondoka, wengine wakaja, na kwa mara ya kwanza akasoma: Mungu akubariki, Eneida. Alilia siku hiyo, kwa furaha. Mtoto alizaliwa salama, msichana, wakamwita Nazly, mnene, mwenye mashavu ya kung'atwa. Ferney aliacha kujifungia chooni na simu. Eneida alimchunguza muda mrefu, kama wanawake tunavyojua kuchunguza, mwisho akaridhika na wivu wake ukapoa.

Mchana mmoja Nazly aliyekuwa akiota meno alikataa kulala. Alilia mpaka akawa mwekundu machoni. Eneida alimweka kitandani kwake, akakaa jikoni na simu kutafuta dawa ya kupaka ufizi. Akaingia duka moja la dawa la Bogotá ambalo hakuwahi kulifungua maishani. Akatazama chupa ya kwanza, akatazama ya pili.

Kidirisha kikafunguka chini ya ukurasa. Hakikuwa na picha ya mtu, ua tu, na jina la mhudumu lilikuwa Valentina. Pembeni kitaa cha kijani kiliwaka.

"Usimnunulie hiyo, mpenzi, itamchafua tumbo. Mimi humwimbia tu ukiwa jikoni. Meno mawili yameshatokeza chini, umeyaona? Amekomaa vizuri."

Kilio cha chumbani kikakatika. Badala yake ukasikika wimbo wa kubembeleza wa Guapi, ulioimbwa kwa mdomo uliofumbwa, na poda ikanuka mpaka jikoni. Eneida aliangusha simu akakimbia. Nazly alikuwa amesimama ameshika ukingo wa kitanda, akicheka kwa sauti, macho yameelekea kwenye kona ambayo haikuwa na kitu. Eneida akamnyakua, akamkumbatia kwa nguvu zake zote, na mtoto akapiga yowe kama aliyeshikwa na mgeni, akajinyonganyonga, na juu ya bega la mama yake akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kwenye ile kona, akiomba kupokewa.