Nilimsingizia Mwalimu Aliyetaka Binti Yangu Asikie

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi Kitengela na mume wangu na watoto wetu wawili. Kwetu ni Bungoma. Jina langu sitaliandika... niiteni tu Mama Nanjala, kwa sababu mkasa ni wa Nanjala, na aibu ni yangu.

Kama ulitarajia kusoma habari za mume mlevi au mama mkwe mkorofi, utanisamehe. Mume wangu ni mtu mzuri, na mama mkwe hana neno. Mtu mbaya katika mkasa huu ni mimi!

Kazi yangu ni kukagua nguo. Kiwanda chetu kiko upande wa Athi River, tunashona suruali zinazoenda ng'ambo, na mimi niko kwa meza ya mwisho. Suruali inafika, naigeuza ndani nje, naangalia mshono, vifungo, zipu, nabandika karatasi nyekundu yenye mshale pale penye kosa, naitupa kando. Miaka tisa! Macho yangu hayakosei, ndivyo nilivyokuwa nikijigamba. Hata kanisani, nikikaa nyuma ya mtu, naona uzi uliolegea kwenye kola yake kabla mhubiri hajafungua Biblia. Basi kiburi hicho nikakibeba mpaka shuleni kwa mtoto.

Nanjala alizaliwa mzima. Alipofika miaka miwili masikio yakaanza kutoa usaha. Nikamtia mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kidogo, vile mama yangu alivyotufanyia sisi, ukakauka. Ukarudi. Nikatia tena. Nani kati yetu hajafanya hivyo? Mtoto akakua, mpole, mwenye tabasamu. Ila ukimwita haitiki. Unaita mara tatu, mara nne, kimya! Mimi nikasema ni ukaidi, ameutoa kwa kina baba yake. Nilimchapa kwa hilo... nilimchapa mara nyingi, jameni.

Tulimwandikisha gredi ya kwanza katika shule ya serikali iliyo karibu na ploti tunayokaa. Muhula ulipokaribia kuisha nikapata siku ya mapumziko, nikaenda kuona mtoto wangu anafundishwa namna gani.

Woi! Madarasa ya mabati. Watoto zaidi ya sabini chumba kimoja, wamebanana kwa madawati. Udongo mweusi wa mvua umegandamana mlangoni. Mwalimu mwenyewe, mwanamke wa Kimaasai aliyeitwa Madam Simaloi, alikuwa amemwaga vifuniko vya soda sakafuni, na watoto wamepiga magoti wanavipanga kumi kumi. Wanaimba namba kwa Kiswahili, wanazirudia kwa Kimaasai, wanapiga makofi. Nikajiuliza, hii ni shule ama ni harusi? Na Nanjala wangu alikuwa wapi? Peke yake, kwenye kigoda mbele kabisa, karibu na sketi ya mwalimu. Nikajua ameadhibiwa.

Nikaomba vitabu vyake vya mazoezi. Cha hesabu, kurasa nne zimeandikwa. Cha Kiswahili, kurasa sita. Muhula mzima! Alama za vema ungezihesabu kwa vidole. Pale pale, kichwani mwangu, nikabandika mshale mwekundu juu ya mwalimu, juu ya mabati, juu ya shule yote. Nilihitaji muda gani kuihukumu shule? Dakika kumi hazikuisha.

Madam Simaloi alinifuata nje. "Sopa, Mama Nanjala," akanisalimu kwa Kimaasai, akinipa mikono yote miwili. Akaniambia kwa upole kwamba mtoto ana akili sana, lakini amemchunguza kwa wiki kadhaa, na anaona kama hasikii vizuri. Ndiyo maana amemkalisha karibu. Kule Kajiado mjini kuna kituo cha kutathmini watoto, akasema, na karatasi ya kumpeleka ameshaijaza.

"Huyu mtoto anasoma mdomo wangu," akasema. "Mpeleke apimwe masikio mapema."

Nilichemka! Mtoto wangu mimi, kiziwi? Nikawaza watu wa kwetu watasema nini, nikawaza mawifi zangu. Nikaikunja ile karatasi nikaitia ndani ya mkoba. Halafu nikamwambia, kwa sauti, watoto wakisikia, ajifunze kwanza kujaza vitabu vya watoto kabla hajajifanya daktari. Alirudi darasani.

Ningeishia hapo ningekuwa na nafuu. Lakini mimi nikianza jambo huwa silali mpaka nilimalize.

Kwenye kundi la wazazi la simu nikauliza ni nani anafurahia vitabu vitupu. Malalamiko yakamiminika! Kila mmoja akafungua kitabu cha mwanawe akakuta kurasa nyeupe. Hakuna aliyefikiria kumuuliza mtoto kama anajua kuhesabu. Nikaona nimepata jeshi, nikaandika barua ya kumshtaki. Vitabu ni vitupu. Watoto wanacheza na takataka. Kimaasai kinatumika ilhali watoto wetu ni wa makabila yote.

Nilipoisoma tena nikaona ni barua nyepesi. Watu wa ofisi ya elimu wangeitia kwenye droo. Na hapo ndipo nilipofanya lile jambo...

Mtoto wa jirani alikuwa ameniambia kwamba Madam humshika Nanjala masikio. Nikamuuliza Nanjala mwenyewe, uso kwa uso. Akanionyesha kwa vitendo. Alisimama nyuma yangu, akaniziba sikio moja kwa kiganja, akanong'ona jina langu, akangoja nigeuke. Ndivyo mwalimu alivyokuwa akifanya. Nilielewa! Nataka mjue kwamba nilielewa vizuri kabisa. Kisha nikachukua kalamu nikaandika, "Mwalimu humvuta binti yangu masikio mpaka analia."

Nilikuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani. Jumapili baada ya ibada nikaiweka barua kwenye benchi, na akina mama kumi na mmoja wakatia saini. Hawakuuliza swali. Waliniamini mimi.

Niliipeleka mwenyewe ofisi ya elimu Kajiado. Na sikiliza hili, ndugu msomaji... nilipokuwa natafuta ofisi nilipita mbele ya kibao cha kile kituo cha kutathmini watoto. Nilikisoma. Karatasi ya mwalimu ilikuwa bado ndani ya mkoba wangu. Nikapita.

Walimhamisha. Walimpeleka shule ya mbali, upande wa Loitokitok, na barua yangu ikabaki kwenye faili lake. Wakati huo mimi nilishaamua kumtoa mtoto hapo hata hivyo. Siku niliyokwenda kuchukua barua ya uhamisho wa Nanjala, Madam Simaloi alikuwa anatoka na gunia lake la vifuniko vya soda. Nilitazama pembeni. Yeye akasimama.

"Mimi naenda," akasema. "Lakini masikio ya mtoto hayawezi kungoja."

Akalibeba gunia lake akaenda zake. Afadhali angenitukana!

Tukampeleka Nanjala akademi, shule ya kulipia. Jengo la mawe, basi la manjano, swetera yenye nembo. Na vitabu... jameni, vitabu vilijaa! Kurasa kwa kurasa, vema nyekundu mpaka pembeni, mwandiko wa Nanjala umenyooka kama umepigwa chapa. Ripoti zikaandika anazidi matarajio. Nilivibeba vile vitabu mpaka kazini nikawaonyesha wenzangu wakati wa chai. Nilisema, mimi nikiangalia kitu nakijua! Miaka miwili mizima nilitembea pua juu.

Kisha ikafika Jumamosi moja, Nanjala yuko gredi ya tatu. Nilitaka kumrekodi kwa simu akisoma, nimtumie bibi yake Bungoma. Nikamfungulia kitabu chake mwenyewe, ukurasa alioandika kwa mkono wake, nikamwambia, "Soma."

Akaangalia mdomo wangu. Akatabasamu. Akachukua penseli, akafungua ukurasa mpya, akaanza kuunakili.

Nikamwambia hapana, soma! Akanakili kwa haraka zaidi, akidhani namwambia anachelewa. Nikamwonyesha neno moja, la herufi tatu. Hakulijua. Hakuna neno alilolijua! Miaka miwili mtoto alikuwa amechora yaliyoko ubaoni kama mtu anayechora maua, na walimu wakipita wanatia vema, na mimi mama yake nikipita naringa. Mume wangu, Baba Nanjala, akainuka polepole, akachukua kifuniko cha sufuria, akaenda nyuma ya mtoto akakigonga na mwiko. Mimi nilishtuka. Nanjala aliendelea kuandika, ulimi umemtoka kidogo kwa bidii. Baba Nanjala alikaa chini sakafuni akaufunika uso.

Jumatatu tulikuwa Kajiado. Mwalimu wa kituo kile alimpima kwa muda mrefu. Akatuambia ngoma za masikio zilitoboka zamani kwa ule usaha. Sikio la kushoto limekufa. La kulia limebaki na uwezo kidogo, na mashine ya kusikia itamsaidia. Nikamuuliza swali ambalo sikutaka jibu lake... tungemleta akiwa gredi ya kwanza je? Akasema wakati ule pengine la kushoto lingeokolewa. Hana hakika, akasema, lakini pengine.

Halafu akauliza jina kamili, akafungua daftari la zamani. Akatutazama. Jina la Nanjala lilikuwamo tayari! Mwalimu mmoja wa Kitengela alikuja mwenyewe siku mbili tofauti, siku zake za mapumziko, kumwombea mtoto nafasi. Mara zote mbili pameandikwa, mzazi hakufika. Alikuwa amempigia mzazi simu. Nikakumbuka namba ngeni ambayo niliikata nilipotambua sauti ya Madam Simaloi, na nilipopigiwa tena sikupokea kabisa.

Baba Nanjala hakujua kitu. Wala karatasi, wala masikio, wala uongo wa barua. Nilimwambia yote tukiwa kwenye kiti cha nje pale kituoni, mtoto katikati yetu akila ndizi. Hakunipigia kelele. Alimshika mtoto mkono, akatangulia naye barabarani.

Nilimtafuta Madam Simaloi mpaka nikamfikia huko Loitokitok, chini ya mlima. Nilimkuta akitoka darasani, mikono imejaa chaki. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kitu cha kwanza alichoniuliza, hata kabla ya salamu, ni kama Nanjala amepimwa. Nilipomweleza habari ya sikio la kushoto alikaa kwenye ngazi ya darasa, akalia. Yeye! Mtoto si wake, akalia. Nilipomaliza kuomba msamaha akanieleza, bila kuninyooshea kidole, kwamba alipohamishwa alikuwa anamuuguza mamake huko kwao Isinya, karibu na Kitengela. Aliomba asipelekwe mbali. Lakini mwalimu mwenye shtaka la kumdhulumu mtoto, nani atasikiliza maombi yake? Mamake alifariki yeye akiwa huku. Alifika akamkuta ameshaenda.

"Kusamehe nimekusamehe," akasema. "Lakini barua yako iko kwa faili langu. Nenda uandike nyingine."

Mtadhani niliandika siku ile ile? Miezi mitatu! Miezi mitatu nilizunguka na kalamu. Niliogopa wale akina mama kumi na mmoja, niliogopa kuitwa mwongo kanisani, niliogopa hata kufungwa. Aibu yangu niliipenda kuliko haki yake. Mwishowe niliandika, nikawasomea kina mama kwanza. Mmoja wao, mzee wetu tunayemheshimu, aliniambia nimewafanya watie saini uongo mbele ya Mungu. Uenyekiti waliuchukua, na walifanya haki. Kisha niliipeleka Kajiado kwa mkono wangu. Mpaka leo Madam Simaloi hajarudishwa karibu na kwao. Kuchafua kulichukua wiki tatu, kusafisha sijui kutachukua miaka mingapi.

Nanjala sasa yuko na mashine kwenye sikio la kulia. Amerudi shule ile ile ya mabati, anakaa mbele, gredi ya pili, pamoja na watoto aliowazidi kimo. Anahesabu vifuniko nilivyomkusanyia. Vitabu vyake vina kurasa chache, na kila kilichoandikwa humo anaweza kunisomea.

Wazazi wenzangu, nawaomba. Ukienda kuiangalia shule, usiangalie mabati wala basi wala wino mwekundu. Uliza kama kuna mwalimu anayemjua mtoto wako. Ukimpata, na akikuambia jambo linalokuuma, nenda nyumbani ulie, halafu ufanye alivyokuambia. Na usiandike uongo juu ya mtu kwa sababu amekuona ulipokosea!

Nilitaka kumalizia hapo. Lakini kuna jambo la wiki iliyopita, na nikilificha nitakuwa bado yule yule.

Nanjala aliniuliza kwa nini Madam Simaloi alienda. Sasa anaweza kuuliza, na anaweza kusikia jibu. Aliniuliza kama ni kwa sababu yeye alikosa. Miaka yote hiyo mtoto alikuwa amebeba hilo! Nikamkalisha mbele yangu nikamwambia ukweli wote, polepole, neno kwa neno. Kwamba mwalimu hakumvuta masikio. Kwamba mama aliandika uongo. Kwamba mwalimu alikuwa anataka asikie.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapeleka mkono sikioni, akaitoa ile mashine, akaiweka juu ya meza baina yetu, akanigeuzia mgongo akaanza kuchora kwenye daftari lake. Nilimwita. Nilijua hasikii, lakini nilimwita. Asubuhi aliivaa tena kwenda shule, na mimi nikamfunga kamba za viatu. Jamani, wenye watoto, msifike hapo nilipofika.