Mbona Aniuliza, na Yeye Anajua?

Kila asubuhi nikikaa juu ya mbuzi yangu kukuna nazi, namkumbuka Nyamvula. Mbuzi ni ile ile, kigoda cha mti chenye ulimi wa chuma, aliyoniachia marehemu mama. Uwanja ni ule ule wa nyuma, hapa Kisauni. Lakini pale alipokuwa akichuchumaa kunitazama, siku hizi hukaa paka. Na mkono wangu haujasahau. Hadi leo hubakisha kipande cha nazi, kana kwamba yuaja kukidai.

Mimi ni Salha. Nilifundisha chekechea mpaka miguu ikanigomea. Majirani huniita Mwalimu. Wengine husema mimi nimestaafu lakini mdomo wangu haujastaafu. Wasema kweli.

Wazazi wa Nyamvula walipanga chumba katika nyumba yetu. Baba yake, Masha, alifanya vibarua vya ujenzi. Mama yake, Mapenzi, alipika mahamri na kuyauza barazani. Walipohamia hawakuwa na mtoto wao. Walikuwa wamemwacha Kaloleni kwa mama yake Masha, kwa sababu kazi za mjini hazikuwa na uhakika. Mapenzi akikanda unga, alikuwa akimtaja mwanawe.

"Mwalimu, sasa Nyamvula atakuwa ameota meno ya mbele."

"Mwalimu, sijui kama nywele zake bado ni laini."

Ah, yule mama alikuwa na hamu! Hatimaye Nyamvula akafikisha umri wa kuanza gredi ya kwanza. Mapenzi akaenda kumchukua. Alirudi naye amemshika mkono, na hata alipokuwa akinisalimu hakumwachia.

Mtoto alikuwa mchangamfu. Jioni nikiwa jikoni niliwasikia chumbani mwao. Mapenzi alimhadithia za sungura kwa Kigiriama. Nyamvula akacheka, Masha naye akacheka. Mimi nilikuwa nikicheka peke yangu na sufuria yangu, na hadithi yenyewe siielewi vizuri.

Kisha shule ikaanza.

Siku moja Mapenzi aliitwa shuleni. Aliporudi, alikaa barazani bila kuvua viatu.

"Kuna nini, Mama Nyamvula?" nikamwuliza.

"Mwalimu Kioko asema Nyamvula hasemi," akajibu. "Amemwonyesha picha ya kuku. Akamwuliza, 'Huyu ni nani?' Mtoto akainamisha kichwa. Akamwonyesha picha ya kikombe. Kimya. Wenzake wamecheka. Mwalimu asema labda Kiswahili hakimwingii. Muhula ukiisha hivi, arudi chekechea."

"Na baba yake asemaje?"

Hapo Mapenzi akaanza kulia. "Asema kama ni hivyo, bora arudi Kaloleni kwa mama. Huko hachekwi na mtu. Mwalimu, nimekaa na mwanangu hata muhula haujaisha! Nimrudishe tena?"

Nilimletea maji akanywa.

Kesho yake Mapenzi akatunga sheria. "Kuanzia leo, humu ndani Kigiriama marufuku," alisema. "Ni Kiswahili tu. Kigiriama ndicho kinachomharibia mtoto masomo."

Na kweli, Kigiriama kikakoma. Hadithi za sungura zikakoma pia, maana Mapenzi hakuzijua kwa Kiswahili. Utani ukakoma. Sasa jioni nilisikia maneno matatu tu: "Kaa. Kula. Lala." Nyamvula akawa kimya kama maji ya mtungini. Nyumba ikanuna. Nilitamani vile vicheko, wallahi, hata nikawa nawasha redio ili nisisikie ule ukimya.

Nikajiambia, hebu nimpime mtoto huyu mwenyewe. Asubuhi ya Jumamosi alikuja kuchuchumaa kama kawaida. Nikainua kikombe.

"Nyamvula, hiki ni nini?"

Akatazama chini. Hata kope hazikutikisika.

"Na hii je?" Nikamwonyesha nazi.

Kimya.

Basi nikaachana naye. Nilikuna nazi yangu, nikatia maji, nikataka kukamua tui. Nikatafuta kifumbu changu cha kuchujia. Hakipo. Nikapekua huku na huku, nikaanza kugomba.

"Kifumbu changu kimekwenda wapi? Nyamvula, mwanangu, hukukiona?"

"Kiko nyuma ya ndoo, bibi," akasema Nyamvula. "Kuku alipanda mezani akakiangusha. Nilimfukuza akakimbilia kwa jirani, kwa kina Ummi."

Hicho ni Kiswahili! Chote, na kuku ndani yake!

"Ebo! Kumbe kuku wamjua?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Mbona basi mwalimu alipokuonyesha picha ya kuku hukumjibu?"

Alifikiri kidogo. Kisha akanong'ona, "Mwalimu amjua kuku. Mbona aniuliza, na yeye anajua?"

Niliweka nazi chini. Nilifundisha miaka mingi, lakini swali hilo sikuwahi kuulizwa na mtoto.

Nilimwita Mapenzi, nikamweleza. Akashika shavu.

"Ni kweli, Mwalimu," akasema. "Kwa mama mkwe wangu ndivyo mambo yalivyo. Yule hakuulizi jambo analolijua, ila kama umekosa. Akiuliza 'Ni nani aliyekula nyama?' jua ameshamwona aliyekula. Na hapo mtoto hajibu. Ainamisha kichwa, angoja hasira zipite. Ukijibu, waambiwa washindana na mkubwa."

"Na akiuliza asilolijua?"

"Basi wakimbia kumjibu! Hiyo ndiyo heshima."

"Sasa waona?" nikamwambia. "Mwanao si mjinga, na kiburi hana. Kila mwalimu akiuliza 'Hiki ni nini?' yeye adhani amekosa. Ampa mwalimu adabu ile ile aliyofunzwa na bibi yake."

Mapenzi akacheka na machozi juu. "Na mimi nimemnyima Kigiriama bure!"

"Hapo nitakugombeza, usinikasirikie," nikasema. "Lugha ya nyumbani haimzuii mtoto kujifunza nyingine. Yamsaidia. Mtoto aliyezoea kusikia hadithi kwa Kigiriama ameshajua hadithi yaanza vipi na yaishia wapi. Akija kwenye Kiswahili, ana kazi ya kutafuta maneno tu. Lakini ukimwambia 'kaa, kula, lala' kutwa nzima, atajifunza nini? Mwacha asili ni mtumwa, Mama Nyamvula. Mhadithie sungura wako."

"Na Kiswahili atakipata lini?"

"Ashaanza kukipata. Amekaa hapa kila siku akinisikiliza nikigomba na kuku. Mtoto anayejifunza lugha ya pili husikiliza kwanza, na kusema huja baadaye. Wengine hukaa kimya miezi. Usimharakishe, na asichekwe akikosea."

Jumatatu nilijifunga buibui langu, nikaenda shuleni pamoja na Mapenzi. Mwalimu Kioko alikuwa kijana mwembamba, mtu wa Makueni. Alitupokea kwa heshima, lakini uso wake ulikuwa umechoka. Darasa lake lilijaa hadi mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na kisa cha kuku."

Nikamweleza yote. Mwanzo hakuridhika.

"Lakini, Mwalimu, nisipouliza nitajuaje kama wameelewa?" akasema. "Watoto wengine wananyosha mikono na kupiga kelele, 'Mimi, Mwalimu! Mimi!' Yeye hanyoshi hata kidole."

Mapenzi akadakia. "Mwalimu, kwetu mtoto wa kusema 'mimi, mimi' mbele ya wakubwa achapwa."

Kioko akaweka chaki chini. Akatazama dirishani. Kisha akatabasamu kidogo.

"Unajua, hata mimi nililelewa na nyanya yangu," akasema. "Akiniuliza kitu anachokijua, nilikuwa nakimbilia kwenye mahindi. Nilisahau kabisa. Mtu akisoma chuo anaona shule ndiyo dunia yote." Akamgeukia Mapenzi. "Mama, nitawaeleza watoto wote. Nitawaambia, darasani mwalimu huuliza hata anachojua. Ni kama mchezo wa vitendawili. Hakuna aliyekosa."

"Vizuri," nikasema. "Lakini pia waulize mambo usiyoyajua. Au yote wayajua?"

"Mimi?" Akacheka. "Mwalimu, nimekaa Mombasa mwaka mzima na bado nanunua tui la paketi. Ile mbuzi siijui hata inakaliwa upande gani."

"Tui la paketi! Maskini mwanangu," nikasema. Nilimhurumia kwa dhati.

Basi tukapanga. Siku ya somo la kazi za nyumbani nilipeleka mbuzi yangu na nazi mbili. Niliibeba mwenyewe na nikakaa nayo darasani, kwani mbuzi ya marehemu mama siazimi mtu. Mapenzi alisimama nje kwenye dirisha, unga wa mahamri bado mikononi.

Mwalimu Kioko alivunja nazi, maji yote yakamwagikia suruali yake. Watoto wakacheka. Akakaa juu ya mbuzi kama mtu anayepanda baiskeli, uso huku, ulimi wa chuma nyuma yake. Watoto wakazidi kucheka. Mimi nilijiuma midomo.

"Nisaidieni, jamani," akasema. "Wallahi sijui. Nyamvula, mama yako ameniambia bibi yako wa Kaloleni ana mbuzi kama hii. Nifanye nini?"

Nyamvula akamtazama. Alimtazama sana, suruali iliyolowa, na nazi aliyoishika kichwa chini. Nadhani alikuwa akihakikisha. Nje dirishani Mapenzi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Nyamvula akasimama.

"Geuka, mwalimu," akasema polepole. "Ule ulimi uwe mbele. Sasa shika nazi kwa mikono miwili. Si hivyo! Utajikata kidole. Zungusha. Anza pembeni, usianze katikati. Ukiona weusi, acha, ni kifuu hicho."

Maneno mengine aliyasema kwa Kigiriama. Hakuna aliyemkatiza. Pale mwalimu hakuelewa, Nyamvula alionyesha kwa mkono, na mtoto mwingine akataja lile neno kwa Kiswahili. Nyamvula akalirudia, akaendelea. Hakuna aliyecheka tena, maana wote walitaka kuona kama mwalimu atafaulu.

Nazi nyeupe ikaanza kudondoka kwenye sinia.

"Hivyo?" akauliza Kioko.

"Hivyo hivyo, mwalimu," akasema Nyamvula. "Bado kidogo utajua."

Darasa zima likapiga makofi. Nilipotazama dirishani, Mapenzi hakuwepo. Nilipotoka nilimkuta amekaa chini ukutani, analia, na uso umejaa unga.

Jioni ile Masha alipotoka kazini, mkewe alimsimulia kisa chote kwa Kigiriama. Kwa mara ya kwanza tangu ile sheria, nilisikia kicheko cha Masha. Kisha nikamsikia mtoto akimweleza baba yake kwa Kiswahili jinsi mwalimu alivyolowa suruali. Habari ya kurudi Kaloleni haikutajwa tena, ila wakati wa likizo, kwenda kumsalimu bibi.

Chekechea pia hakurudi. Mwalimu Kioko aliendelea na maswali yake ya darasani, na Nyamvula akayazoea, kwa sababu sasa alijua ni mchezo. Kila Ijumaa mwalimu aliuliza jambo asilolijua yeye. Mtoto mmoja alimfundisha kufunga leso ya kubebea mtoto. Mwingine, baba yake mvuvi, alimweleza jinsi ya kumpara samaki. Wazazi nao wakaitwa, wakaambiwa wasiache kuzungumza na watoto wao kwa lugha za nyumbani. Kioko mwenyewe alinunua mbuzi, akaja hapa kunionyesha. Niliikagua. Haikuwa mbaya, ingawa ulimi wake mfupi.

Miaka imepita. Masha alipata kazi ya kudumu, wakahamia Mtopanga kwenye vyumba viwili. Siku waliyohama nilijifanya nina kazi jikoni. Chumba chao kina wapangaji wengine sasa, watu wazuri, lakini hawana sungura. Nyamvula yuko sekondari ya chini. Ni mrefu kunishinda. Kiswahili chake wakikisikia wazee wa hapa husema, "Mtoto wa nani huyu?" Na akienda Kaloleni, azungumza na bibi yake mpaka kuku walala.

Wiki iliyopita, asubuhi, nilikuwa juu ya mbuzi, nazi mkononi. Nikasikia mlango wa uani ukilia. Nikasikia ndara zikiburutwa chini, mwendo ule ule tangu utotoni. Nikaendelea kukuna, sikugeuka.

"Hodi, bibi."

"Nani huyo?" nikauliza.

Akachuchumaa mahali pake. Paka akaondoka. Akanyosha mkono kuchukua kipande chake cha nazi.

"Ah, bibi," akasema Nyamvula, "mbona waniuliza, na wewe wanijua?"